Taa ya tangi la matumbawe lenye kina: ipi ununue ukiwa Arusha au Moshi

Kabla hujamtumia mtu hela ya taa ya tangi la kufugia matumbawe nyumbani, chukua tepu ya fundi upime kutoka pale maji yanapoishia juu mpaka kwenye mchanga. Ukikuta chini ya sentimita 50 haya maneno hayakuhusu sana, nunua taa yoyote ya matumbawe yenye jina, ishushe nguvu, maisha yaendelee. Naongea na wewe mwenye 60, 70 mpaka 80, wewe uliyemwambia fundi vioo "panda juu kidogo lipendeze sebuleni" na sasa ukichungulia kule chini unaona giza la saa moja kasoro jioni wakati juu taa inawaka mpaka macho yanauma.

Langu ni 120 kwa 60 na kina 75, lita 540 za kwenye karatasi (ukitoa mawe na mchanga hazifiki), lipo Njiro hapa Arusha, na nimeshalinunulia taa mara tatu. Mara ya kwanza nilidanganywa, mara ya pili nilijidanganya mwenyewe, ya tatu ndio nimetulia. Kwahiyo mpangilio wangu wa taa, bora kwanza, ni wa mtu anayenunua LUKU kwa simu, anayeagiza mzigo na kusubiri, na anayeishi mji ambao mwezi wa saba asubuhi unatoka na sweta.

Na kama tangi bado hujalitengeneza, nisikilize, ishia 60. Kwenye 75 mkono haufiki chini, mimi napanda kigoda na bado kwapa linalowa maji ya chumvi, kipande cha tumbawe kikidondoka nyuma ya mawe nakiacha huko kijitetee.

Kina kinafanya nini kwenye mwanga

Wengi wanasema maji yanakula mwanga. Baharini ni kweli, rangi nyekundu inaishia kwenye mita chache za mwanzo na bluu ndio inayoshuka mbali, ndio maana ule mwani mdogo sana unaoishi ndani ya nyama ya tumbawe na kulipikia chakula kwa usanisinuru umezoea bluu, hasa kati ya nanomita 420 na 480 hivi. Lakini kwenye sentimita 75 za maji masafi, maji yenyewe yanakula kidogo tu. Kinachokumaliza ni umbali, mwanga unatoka sehemu ndogo unatawanyika, na kadri unavyokwenda ndivyo unavyogawanyika kwenye eneo kubwa zaidi.

Fanya hesabu ya shule. Taa umeining'iniza sentimita 25 juu ya maji. Jiwe lako la juu liko sentimita 25 ndani ya maji, jumla 50 kutoka kwenye taa. Mchanga uko 70 ndani ya maji, jumla 95. Gawa 50 kwa 95, jibu lizidishe kwa lenyewe, unapata kama 0.28. Yani juu ukiwa na 300, mchangani umebaki na themanini na kitu. Kwenye tangi la kweli hali ni nafuu kidogo kwa sababu vioo vya pembeni vinarudisha mwanga ndani na taa yenye lenzi haimwagi mwanga ovyo kama mshumaa, ila picha ndio hiyo. Sasa inua taa ileile mpaka 45 juu ya maji: juu inakuwa 70, chini 115, uwiano unapanda mpaka 0.37. Umeona? Ukiinua, tofauti ya juu na chini inapungua, ila nguvu ya jumla inashuka pia na sebule yote inageuka bluu, mama watoto anasema tunaishi ndani ya baa.

Hiyo 300 niliyotaja ni PAR, kipimo cha mwanga wa nanomita 400 mpaka 700, ambao ndio usanisinuru unautumia. Lumeni zilizoandikwa kwenye boksi achana nazo, hizo zimepimwa kwa jicho la mtu na jicho letu halioni bluu vizuri, kwahiyo taa ya bluu nzuri kabisa inaweza kuonekana dhaifu kwenye boksi. Kwa kukadiria, matumbawe laini na zoanthus wanaishi vizuri kwenye 50 mpaka 150, yale magumu yenye nyama nene kama Euphyllia 75 mpaka 150 au zaidi kidogo, na Acropora, yale magumu ya matawi, na wenzake wanataka 200 mpaka 350. Jua la saa sita mchana anga likiwa wazi linafika kama 2,000, hivyo usidhani unalipita kwa taa yako.

Ukiziweka hizo namba pamoja unaona kitu ambacho kilinichukua miaka miwili kukielewa: tangi lenye kina halihitaji taa kali, linahitaji taa inayofika chini bila kuunguza juu. Ukipata 300 kwenye jiwe la juu na 80 mchangani umemaliza, Acropora anakaa juu, Euphyllia katikati, laini chini, kila mtu na ghorofa yake. Anayetaka Acropora mpaka mchangani kwenye sentimita 75 ajiandae kuchoma hela na kuchoma wa juu pia.

LUKU na baridi

Hapa ndio mipangilio ya watu wa nje inapoachana na ya kwetu. Kama uko ile tarifu ya yuniti 75 kwa mwezi, isahau, tangi la matumbawe lenye pampu, hita na taa litakutoa huko, utahamia tarifu ya kawaida ambayo na kodi zake yuniti moja inacheza kwenye shilingi 356. Nitakuwa nakupigia hesabu kwa bei hiyo.

Joto nalo. Matumbawe yanataka maji ya nyuzi 24 mpaka 27. Arusha tuko kama mita 1,400 juu ya bahari, usiku wa Juni na Julai nyumba inakuwa friji, hita yangu inafanya kazi mpaka asubuhi. Moshi mko chini zaidi, kwenye mia nane mia tisa hivi, na mtu wa Moshi mwezi wa pili mchana anahangaika kupoza maji sio kuyapasha. Taa ileile inayomsaidia mtu wa Sakina itampikia supu mtu wa Pasua. Kwahiyo nikitaja taa ya moto nitasema ni ya nani.

Namba moja: LED mbili za maana, zenye lenzi na programu ya simu

Hapa naongelea familia ya Radion XR30, AI Hydra 64, Red Sea ReefLED 160S na za daraja hilo. Tangi la sentimita 120 weka mbili, usijaribu moja. Moja itakupa duara zuri katikati na pembeni giza, na ukiiongeza nguvu ili pembeni pafike, katikati panaungua. Mbili zinakutana mwanga wake chini, kivuli cha jiwe moja kinajazwa na taa ya pili, na kwenye kina hilo ni jambo kubwa kuliko wati.

Mimi ninazo ReefLED 160S mbili na sababu yangu itawachekesha wataalamu: nilizipenda kwa sababu hazina vitufe vingi. Chaneli ni bluu na nyeupe tu ukiacha kitaa kidogo cha mwezi, bluu yake ni ya 23,000K na nyeupe 8,000K (K ni kipimo cha rangi ya mwanga, inavyopanda ndivyo mwanga unavyokuwa bluu), hakuna sijui zambarau, sijui kijani, sijui nyekundu ya kuchezea saa nne usiku ukiwa umeboreka. Radion na Hydra zina chaneli kibao, anayejua anatengeneza rangi mpaka unashangaa, asiyejua anaongeza nyekundu na nyeupe ili "ionekane ang'avu" na baada ya mwezi anafuga mwani wa kijani kwenye kioo. Kitu kimoja Radion na Hydra zinanizidi ni programu yao, Mobius, inaongea na taa kwa bluutuuthi, kwahiyo hata bando likiisha unashusha mwanga wako vizuri. Yangu inataka waifai.

Umeme: mbili zikiwa full ni wati 320, lakini hakuna anayeziendesha full. Tuseme asilimia 60 kwa masaa kumi, inakuja yuniti 57 kwa mwezi, elfu ishirini na kidogo. Joto linaloingia kwenye maji ni dogo kwa sababu feni inalitupa juu, hivyo Moshi na Arusha wote inawafaa. Ubaya wake ni mmoja na ni mkubwa, bei. Kila moja ni mamia ya dola kabla ya usafiri, ushuru na VAT asilimia 18, ukizidisha mara mbili umefika kwenye hela ya kununua pikipiki ya bodaboda. Sitakudanganya kwamba ni nafuu.

Namba mbili: boksi jeusi la Kichina, mawili

Najua kuna watu watanirukia hapa. Yale maboksi meusi yanayoitwa 165W, yenye LED 55 na vifundo viwili vya kupunguzia mwanga, kimoja bluu kimoja nyeupe. Kwanza jina lake ni uongo wa kibiashara, hizo 55 mara wati 3 ndio wanapata 165, ukiipima ukutani inavuta kama 110 mpaka 120. Hakuna shida, ni nyingi za kutosha. Kilichoyaweka namba mbili kwenye tangi lenye kina ni lenzi. Mengi yanakuja na lenzi za nyuzi 90 (upana wa pembe ya mwanga) au mchanganyiko wa 90 na 120, na lenzi ya 90 inapeleka mwanga chini badala ya kuumwaga ukutani, kitu ambacho kwenye tangi fupi ni kero kwa sababu linaunguza, kwako ni sifa. Muulize muuzaji lenzi ni nyuzi ngapi, asipojua mwambie apige picha kwa karibu.

Anza bluu asilimia 40 na nyeupe 10, usipite. Nyeupe ya hizi taa ni kali kuliko inavyoonekana. Mawili ukiyaendesha kiasi cha kati unavuta kama wati 140, masaa tisa, yuniti 38 kwa mwezi, elfu kumi na tatu na nusu. Kwa mtu anayeanza naona hakuna hela inayofanya kazi kubwa hivi.

Sasa matatizo yake. Feni zinapiga kelele baada ya mwaka, vumbi letu la kiangazi likichanganyika na chumvi linakuwa saruji, fungua upulize kila miezi mitatu. Halafu hayana saa ndani, mengi unayachomeka kwenye taima ya ukutani, na ile taima ya kuzunguka ya bei rahisi umeme ukikatika na yenyewe inasimama. Umeme ukikatika masaa matatu, taima yako iko nyuma masaa matatu, wiki ikiwa mbaya unakuta taa inawaka saa sita usiku na samaki hawaelewi. Nunua taima ya kidijitali yenye kibetri ndani, tofauti ya bei ni ndogo.

Namba tatu: Kessil

A360X ni taa nzuri sana, wati 90, LED zote zimebanwa sehemu moja ndogo katikati hivyo mwanga unashuka kama tochi na kutengeneza yale mawimbi ya mwanga yanayocheza mchangani kama uko kwenye maji ya pwani saa tano asubuhi. Kwa uzuri wa macho hakuna inayoishinda kwenye orodha yangu. Inafika chini bila shida, kina kwake sio tatizo. Nimeishusha namba tatu kwa sababu mbili: vivuli vyake ni vikali, upande wa chini wa tumbawe unabaki giza na unakufa taratibu, kwahiyo kwa 120 unahitaji mbili na ukiwa mkweli ni tatu, na kifaa chake cha waifai kinauzwa pembeni. Moja nayo ni mamia ya dola, piga mara tatu mwenyewe. Mwenye tangi la mchemraba, 60 kwa 60 na kina 60, aifanye hii namba moja, moja inatosha kama hutaki Acropora pembeni.

Namba nne: tyubu za T5 pamoja na LED

Tyubu nne za T5 (flurosenti nyembamba) za wati 54 zenye urefu wa futi nne, katikati mstari wa LED. Wakubwa wa hii kazi huko nje bado wanaapa kwa mchanganyiko huu na nawaelewa, tyubu inamwaga mwanga kutoka urefu wote wa tangi, haina kivuli, matumbawe yanaota pande zote, LED inaongeza rangi na msukumo wa kufika chini. Kama tungekuwa na duka la tyubu za matumbawe pale sokoni Kilombero ningeiweka namba mbili.

Hatuna. Tyubu hizi zinabadilishwa kila miezi 9 mpaka 12 hata kama bado zinawaka, kwa sababu rangi inahama kabla jicho halijaona. Sio tyubu za ofisini hizi, ni za bluu maalumu, na unaziagiza. Tyubu ya mita 1.2 ndani ya boksi la karatasi, ipande ndege, ishuke Dar, ipande basi mpaka Arusha chini ya magunia ya watu. Nilipokea sita, nzima zilikuwa mbili. Kampuni ya mzigo siitaji na wala hawakunilipa. Juu ya hapo dunia inaziaga tyubu zote za flurosenti kwa ajili ya zebaki iliyomo, Ulaya walishazuia kuingiza sokoni T5 za kawaida mwaka 2023, na ingawa za kazi maalumu hazikuguswa kwa njia ileile, mimi sijengi nyumba kwenye kiwanja kinachoelekea mtoni.

T5 tupu bila LED, tyubu sita, ni wati 324, masaa nane, yuniti 78, karibu elfu ishirini na nane kwa mwezi. Kwa sentimita 60 zinatosha. Kwa 75 na zaidi mchangani panabaki pa matumbawe laini tu. Hiyo ndio namba tano, sina zaidi.

Namba sita, na ni ya Arusha peke yake: metali halaidi

Mzee wa zamani. Balbu ya wati 250 au 400, choki nzito kama tofali, mwanga ule wa jua kabisa, na kwa kina kirefu ilikuwa ndio mfalme kabla LED hazijakua. Balbu ya 14,000K juu ya tangi la 75 usiku unaweza kulia kwa uzuri. Jamaa mmoja aliniletea za mitumba na hii ndio ile mara ya pili niliyojidanganya mwenyewe, nikajiambia baridi ya Arusha itanisaidia, taa itapasha maji, hita nitaizima, nitakuwa nimeokoa. Na kweli Julai ilikuwa raha, hita haikuwaka mchana. Hesabu ikaja mwisho wa mwezi. Moja ya 400 na choki yake inavuta kama 440, masaa nane, yuniti 105, na tangi la 120 linataka mbili, ukizidisha ni zaidi ya elfu sabini na tano kwa taa tu. Hita ya wati 300 haiwezi kula hivyo hata ikikesha.

Kingine ambacho hakuna aliyeniambia. Halaidi ikizimika ikiwa ya moto haiwaki tena mpaka ipoe, dakika kumi, kumi na tano. Huku kwetu umeme unaweza kukonyeza mara tano mchana mmoja, sekunde mbili tu umerudi, lakini tangi lako limekaa giza robo saa kila mara na balbu inachoka kwa kuwashwa washwa. Balbu yenyewe ni ya mwaka mmoja. Zile za ncha mbili lazima ziwe na kioo mbele cha kuzuia mionzi ya UV, ukikuta ya mtumba haina kioo usiiwashe, itaunguza matumbawe na macho yako. Wa Moshi wala usifikirie, labda uwe na mashine ya kupoza maji, nayo inakula umeme kama friji la bucha.

Usinunue kabisa

Taa ya zambarau ya kuoteshea miche. Hii ndio niliyouziwa mara ya kwanza, duka moja hapa mjini, kijana akaniambia "bro hii ni ya mimea, na matumbawe si mimea tu?" Matumbawe ni wanyama, waliomo ndani ndio wanafanana na mimea, na hiyo taa imejaa nyekundu ambayo haina kazi kubwa kule chini. Nilipata mwani mwekundu wa utelezi kama zulia. Fundi umeme aliyekuja kubadilisha soketi akauliza, "kaka, hapa mnafungua disko?"

Taa za floodi za nje ya nyumba, hata ziwe wati 100. Nyeupe ya 6,500K inaotesha baadhi ya laini, ndio, ila rangi zote zinakuwa kahawia na chini hapafiki kitu cha maana maana zinatawanya nyuzi 120 na zaidi. Dirisha la jua pia sio mpango, linapasha maji mchana, na jua lenyewe linahama na misimu.

Vitu vya kukagua kabla hujalipa

Voltiji. Hii naisema kwa sauti kubwa. Ndugu zetu walioko Marekani wanapenda kutuletea taa za mitumba, na LED nyingi hazina shida, geuza adapta usome, ikiwa imeandikwa 100-240V na 50/60Hz chomeka ukiwa na amani. Lakini choki za T5 na halaidi za kule nyingi ni za 120V peke yake, kwetu ni 230, utasikia "paa" na moshi, na harufu hiyo haitoki sebuleni wiki nzima.

Weka frijigadi kati ya ukuta na taa, ileile ya friji, umeme ukirudi kwa fujo unasubiri dakika kadhaa kabla ya kuachia. Adapta ya taa nzuri ni ghali na haipatikani mjini, huwezi kwenda kwa mangi ukaomba. Inveta na betri kama unazo usiwekee taa, wekea pampu ya mzunguko, matumbawe yanavumilia giza siku nzima bila neno lakini maji yakisimama usiku kucha unaamka na msiba.

Kipimo. Cha uhakika ni cha Apogee, MQ-510, kinaingia majini na kinasoma bluu vizuri, ila bei yake unaweza kununua taa nyingine, kwahiyo mkiwa watano mchangieni. Asiyenacho atafute kipima luksi cha mafundi umeme, vipo Kariakoo, bei sio ya kutisha. Hakitakupa PAR ya kweli kwenye taa ya bluu, usiangaike kubadilisha namba zake, kitumie kwa kulinganisha tu: tangi likiwa bado halijawekwa maji, pima pale jiwe la juu litakapokaa, pima kwenye sakafu katikati, pima kwenye kona. Sakafu ikiwa chini ya robo ya juu, inua taa au badilisha lenzi. Kona ikiwa chini ya nusu ya katikati, unahitaji taa ya pili. Mimi ningepima hivi mapema ningeokoa ile taa ya kwanza yote.

Maji yenyewe nayo ni sehemu ya taa, watu wanasahau. Maji ya tangi yakikaa yanapata umanjano, na manjano inakula bluu, ileile uliyoilipia. Kaboni ya kuchujia ukiibadilisha kila mwezi unapata mwanga wa bure kule chini. Na usitumie maji ya bomba, ya kwetu yana floridi na madini kibao, meno yetu wenyewe ni ushahidi, chuja kwa RO kwanza, ile mashine ya utando inayoondoa madini.

Matumbawe yenyewe nunua vipande vilivyofugwa na vyenye karatasi. Magumu yote yako kwenye kiambatisho cha pili cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, ukivusha Namanga bila kibali umejitafutia kesi, na ya kuchimbwa Tanga au Mafia usiyaguse hata ukiambiwa ni ya bure.

Siku ya kuwasha

Taa mpya usiiwashe full. 1998 maji ya bahari yalipopanda joto pwani yetu matumbawe yalipauka meupe, yale ya kwenye tangi yanapauka vilevile, na mwanga wa ghafla peke yake unatosha, tumbawe linaufukuza ule mwani wake na kubaki mfupa unaoonekana kupitia ngozi. Nilipofunga hizi za sasa nilikuwa na Acropora mmoja tu aliyebaki, nikaanza asilimia 30, masaa sita, saa sita mchana mpaka saa kumi na mbili jioni. Kila wiki niliongeza asilimia tano na kila wiki mbili nusu saa. Wiki ya nne ncha zikaanza kuwa nyeupe nikadhani nimeua, nikamtumia picha rafiki wa Tanga, akaniambia "ncha tu ni kukua, shina ndio kufa, acha uoga." Saa hivi taa zinawaka saa nne asubuhi taratibu, kilele ni masaa manne katikati, saa mbili usiku zimezimika. Nimesimama kwenye asilimia 65 tangu mwezi wa pili wake, na kile kipande kilichodondoka nyuma ya mawe nimekiona juzi kwa tochi, kimeota.